Ogani ya Arp Schnitger katika Kanisa la St. Jacobi, Hamburg: ni ya mwaka 1693 au ya mwaka 1993?

Sauti ya Nne ameuliza:

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu katika muziki wa kanisa. Mimi ni mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya usharika mmoja wa Kilutheri, na miezi michache iliyopita kwaya yetu ilikwenda kaskazini mwa Ujerumani kwa mwaliko wa usharika rafiki. Wenyeji wetu walitupeleka Hamburg, katika Kanisa la St. Jacobi, ambako tuliruhusiwa kuimba wimbo mmoja tukisindikizwa na ogani kubwa ya mabomba iliyojengwa na fundi Arp Schnitger. Nimeimba kwaya kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini sikuwahi kusimama chini ya chombo cha namna ile. Noti za chini zilipopigwa kwa miguu nilizisikia kwenye nyayo kabla hazijafika masikioni.

Nimerudi nyumbani na maswali mawili ambayo yamenikalia moyoni. La kwanza linahusu umri wa chombo chenyewe. Tuliambiwa kwamba kilikamilika mwaka 1693, kisha katika maelezo yaleyale tukaambiwa kwamba kabati lake la mbao, mivukuto yake, meza ya kupigia na mabomba makubwa ya mbele ni kazi iliyokamilika mwaka 1993. Je, kilichobaki cha Schnitger ni nini hasa? Na kwa nini waliokitengeneza upya waliamua kurudi nyuma miaka 300, badala ya kukiacha kama kilivyokuwa kimebadilishwa na vizazi vya katikati?

La pili linahusu wimbo wetu. Tumezoea kuuimba do ikiwa F. Mpiga kinanda wa pale alipoziona nota zetu alituomba, kwa upole mwingi, tuuimbe do ikiwa E, akasema kwamba yeye mwenyewe atapiga katika D. Tuliimba na ilipendeza sana, lakini hakuna aliyeelewa inawezekanaje yeye apige D na sisi tuimbe E bila kugongana. Tena kama aliweza kupiga D ili sisi tupate E, nini kilimzuia kupiga E-flati ili tupate F yetu?

Mkazi wa Altona amejibu:

Amina, ndugu yangu. Ninaishi Altona, si mbali na kanisa hilo, na nimepata neema ya kuisikia ogani hiyo katika ibada kwa miaka mingi. Nitalijibu swali lako la kwanza na kuwaachia walimu wa nadharia lile la pili.

Kilichobaki cha Schnitger ndicho kinachotoa sauti, yaani sehemu kubwa ya mabomba, pamoja na masanduku ya upepo ambayo mabomba hayo yamesimikwa juu yake. Mabomba mengi yana mdomo, na fundi huukata na kuukunja mdomo huo kwa kisu na kwa mkono mpaka bomba lianze kusema vile anavyotaka. Akikosea kwa upana wa ukucha, sauti nyingine kabisa hutoka. Kwa hiyo unaposikia bomba la mwaka 1693 ambalo mdomo wake haukuharibiwa, unasikia uamuzi wa sikio la mtu aliyefariki mwaka 1719. Kabati linaweza kuchongwa tena kwa michoro na picha za zamani. Mdomo wa bomba ukishakatwa vibaya haurudi.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wageni wengi hawaelezwi. Schnitger mwenyewe hakuanza na uwanja mtupu. Alipoanza kazi St. Jacobi mwaka 1689 alikuta ogani iliyokuwa imepita mikononi mwa mafundi wengi, wakiwemo wa ukoo wa Scherer wa karne ya 16 na Gottfried Fritzsche aliyeifanyia kazi katika miaka ya 1630. Angeweza kuyeyusha kila kitu na kuanza upya. Badala yake alichagua rejista nzuri za wazee hao, yaani safu za mabomba zenye sauti ya aina moja, akazipanga upya pamoja na zake, na matokeo yake ni kwamba baadhi ya mabomba uliyoyasikia yalikuwa tayari ya zamani siku ogani ilipozinduliwa. Ndiyo maana mimi huona vigumu kutaja mwaka mmoja kuwa ndio mwaka wa chombo hiki.

Ubunifu wake nao unastahili kuelezwa, kwa sababu ndiyo siri ya kile ulichokisikia nyayoni. Mafundi wa Hamburg hawakuijenga ogani kama kitu kimoja kikubwa, bali kama ogani kadhaa zinazokaa pamoja, kila moja katika kabati lake na ikiwa na kazi yake. Ile kuu, iitwayo Werck, imekaa katikati na ina rejista 12. Rückpositiv, yenye rejista 13, imening'inia kwenye ukingo wa roshani, nyuma ya mgongo wa mpigaji, na kwa sababu iko karibu zaidi na waumini sauti yake husikika dhahiri kuliko zote. Oberpositiv, nayo yenye rejista 13, iko juu kabisa, na Brustpositiv, yenye rejista 8, iko kifuani, mbele ya uso wa mpigaji. Pembeni, kulia na kushoto, imesimama minara miwili ya pedali, yaani ya noti zinazopigwa kwa miguu, yenye rejista 14, na humo ndimo lilimo bomba la futi 32, yaani karibu mita 10 kwa kipimo cha jina lake. Jumla ni rejista 60, kibodi nne za mikono na moja ya miguu, na mabomba yapatayo 4,000. Mtu akiitazama kutoka chini anaweza kuisoma kwa macho kabla hajaisikia, kwa kuwa kila kundi la sauti lina mahali pake panapoonekana. Haikuwa ogani kubwa kuliko zote alizojenga. Ile ya St. Nikolai, palepale Hamburg, ilikuwa na rejista 67, lakini iliteketea katika moto mkubwa wa mwaka 1842. Kati ya zile zilizosalia, hii ndiyo kubwa kuliko zote.

(Nitaje kando kwamba mwaka 1720 mtunzi Johann Sebastian Bach aliiomba nafasi ya mpiga kinanda katika kanisa hili. Alirudi Köthen, mji alikokuwa akifanya kazi, kabla ya majaribio, na nafasi ikapewa Joachim Heitmann, ambaye muda mfupi baadaye alilipa mfuko wa kanisa mark 4,000. Mchungaji Erdmann Neumeister aliliona jambo hilo kuwa aibu na akalisema mimbarani. Hata leo siwezi kukaa katika kanisa lile bila kufikiri kile ambacho Bach angekiandika kama chombo hiki kingekuwa chake kila Jumapili.)

Sasa tuje kwenye mabadiliko. Karne ya 18 na ya 19 ziliigusa ogani hii kwa kiasi kidogo kuliko zilivyozigusa ogani nyingi za Ulaya. Pigo la kwanza kubwa lilikuja mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, serikali ilipochukua mabomba ya mbele kwa sababu ya madini ya stani, ambayo jeshi liliyahitaji. Miaka miwili baadaye, mwandishi na mjenzi wa ogani Hans Henny Jahnn aliichunguza na kutambua thamani ya kile kilichobaki, akaanza kupigania itengenezwe, na mwaka 1925 wataalamu walikutana Hamburg na Lübeck kuzungumzia ogani za namna hii. Kutoka hapo ndipo Ujerumani nzima ilipoanza kuzitazama upya ogani za kale.

Pigo la pili lilikuwa zito zaidi. Katika Vita ya Pili, mabomba na masanduku ya upepo yaliondolewa na kuhifadhiwa salama, lakini kabati na mivukuto viliachwa, na mwezi Juni 1944 kanisa lilipopigwa mabomu vyote hivyo viliungua. Vita vilipokwisha, mabomba yaliwekwa kwanza upande wa kusini wa kanisa, na kufikia mwaka 1961 yakarudishwa kwenye roshani ya magharibi ndani ya kabati la umbo jipya. Kwa hiyo, ndugu yangu, fundi Jürgen Ahrend alipoanza kazi yake katika miaka ya 1980 hakukuta ogani iliyokomaa polepole mikononi mwa vizazi. Alikuta koo la mwaka 1693 limewekwa katika mwili wa mwaka 1961. Mwili wa kale ulikuwa umekwisha kuungua, na mtu fulani alilazimika kutengeneza mwingine. Ahrend aliamua utengenezwe ule ambao mabomba yenyewe yaliumbwa ili yakae ndani yake, na kwa maoni yangu hakukuwa na uamuzi mwingine wa haki.

Mwalimu wa Kwaya amejibu:

Nimshukuru ndugu wa Altona kwa maelezo yaliyoshiba. Mimi nitalichukua swali la pili, nalo kwa kweli ni maswali mawili: kimo cha sauti, na namna noti zinavyopatanishwa.

Kuhusu kimo, vinanda vyetu vya leo vimewekwa ili A ya katikati itetemeke mara 440 kwa sekunde. Katika ogani ya St. Jacobi, A hiyohiyo hutetemeka takriban mara 495. Ukigawanya 495 kwa 440 unapata 9 kwa 8, ambao ndio uwiano wa toni nzima. Maana yake ni kwamba mpiga kinanda akibonyeza D, masikio yetu yanasikia E. Akibonyeza F, tunasikia G. Hapo hakuna mgongano wowote kati yake na ninyi. Kimo cha juu namna hii kilikuwa cha kawaida kwa ogani za makanisa ya kaskazini mwa Ujerumani wakati ule, na kilikuwa na faida ya fedha pia, kwa kuwa sauti ikiwa juu bomba huwa fupi, na bomba fupi hula madini machache.

Sasa kwa nini hakupiga E-flati ili mpate F? Kinanda cha umeme tulichokizoea kimeigawa oktavu katika nusu-toni 12 zilizo sawa kabisa. Mgawanyo huo unaturuhusu kuweka do popote, lakini kila umbali wa tatu kubwa, yaani do na mi, umetanuliwa kidogo kuliko unavyopaswa kuwa. Wanakwaya wanaoimba bila kinanda huimba mi iliyo chini kidogo bila kujua, kwa sababu sikio lenyewe linaitafuta. Mafundi wa zamani walifanya kinyume chake. Walipatanisha mabomba ili tatu kubwa zinazotumika mara nyingi zikaribie usafi, na gharama yake wakailundika katika pembe ambazo watunzi wa wakati ule hawakuzipitia sana. Huo ndio upatanishi wa toni ya kati. Katika kazi ya mwaka 1993 ilitumika namna yake iliyolainishwa, ili muziki wa kizazi kilichofuata nao uweze kupigwa.

Katika mfumo huo, kibonyezo cheusi kilicho kati ya G na A ni G-shapu, na si A-flati. Kwetu ni kitu kimoja. Kwao ni noti mbili tofauti, na bomba lililopo ni la G-shapu. Mkiimba do ikiwa E-flati, fa yenu ni A-flati. Kila wimbo ukifika kwenye mkordi wa fa, yaani fa, la na do zikisikika pamoja, na nyimbo zetu hufika hapo katika karibu kila mstari, mpigaji analazimika kutumia bomba ambalo halikupatanishwa kwa kazi hiyo. Katika upatanishi mkali wa kale umbali wa tano kati ya bomba hilo la G-shapu na lile la E-flati hulia vibaya kiasi kwamba Wazungu waliupa jina la mbwa mwitu. Pale St. Jacobi ukali huo umepunguzwa, lakini kwaya iliyosimama kimya ikisubiri kuingia ingeusikia. Alipowapa D, aliwapa mahali ambapo do, fa na so zote zina tatu kubwa za kupendeza, na nadhani ndiyo sababu ulisema kwamba ilipendeza sana.

Niongeze jambo dogo la ubunifu. Katika Werck, oktavu ya chini kabisa haina C-shapu, D-shapu, F-shapu wala G-shapu. Hizo ni noti ambazo katika upatanishi ule zilitumika kwa nadra katika besi, na mabomba yake ni makubwa na ya gharama. Fundi aliyapima matumizi kabla ya kuyeyusha madini.

Mpiga Kinanda Mstaafu amejibu:

Nimesoma kwa heshima, lakini naomba nitofautiane kidogo na ndugu wa Altona, kwa sababu nimeona wazo la kurudi kwenye asili likitumiwa kubomoa kazi za watu waliokuja katikati.

Katika kanisa la Saint-Sulpice mjini Paris, ogani iliyokamilishwa na François-Henri Clicquot mwaka 1781 ilikuwa na rejista 64. Fundi Aristide Cavaillé-Coll aliibadilisha kabisa na kuikamilisha mwaka 1862 ikiwa na rejista 100. Hakuyatupa mabomba ya Clicquot. Aliyahifadhi mengi ndani ya chombo kipya, akaacha kabati la zamani likiwa mbele, na akaongeza mitambo ya kusaidia vidole, kwa kuwa kibodi za ogani kubwa namna ile zingekuwa nzito mno kupigwa kwa mikono mitupu. Kutokana na chombo hicho kilichobadilishwa tulipata muziki wote ambao Charles-Marie Widor aliutunga na kuupiga katika kanisa hilo kwa zaidi ya miaka 60. Leo hakuna mtu mwenye akili timamu anayedai Saint-Sulpice irudishwe mwaka 1781. Kama Hamburg ingepata Cavaillé-Coll wake, je, Ahrend angekuwa na haki ya kumfuta?

Vilevile nafikiri juu ya waumini. Ogani ni ya ibada kwanza. Kwaya iliyotoka mbali na wimbo wake haipaswi kulazimika kuuhamisha kwa sababu ya uamuzi wa mafundi na wataalamu wa makumbusho.

Mkazi wa Altona amejibu:

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ya Saint-Sulpice ninaikubali yote, na naamini Ahrend naye angeikubali, kwa sababu pale Paris mabadiliko yenyewe yalikuwa kazi ya fundi mkubwa na yamebaki yakiwa mazima. Hamburg haikuwa hivyo. Kilichoondolewa kilikuwa matengenezo ya baada ya vita, yaliyofanywa katika mji ulioungua, kwa vifaa na fedha za wakati wa dhiki. Ninawaheshimu waliofanya kazi hiyo, kwa kuwa bila wao mabomba yangekaa ghalani, lakini haikuwa sauti ambayo mtu angeitungia muziki wake.

Pia si kweli kwamba kila cha katikati kilifutwa. Mwaka 1761 fundi Lehnert aliweka katika Werck rejista ya Viola da Gamba, sauti nyembamba iliyopendwa wakati huo na ambayo Schnitger hakuiweka. Rejista hiyo ipo mpaka leo na imo katika zile 12 nilizozitaja. Kama nia ingekuwa kurudi mwaka 1693 kwa kufumba macho, ingekuwa ya kwanza kutoka.

Kuhusu waumini, St. Jacobi ina ogani nyingine iliyotengenezwa na kampuni ya Kemper, yenye kimo cha kisasa na upatanishi wa kisasa, na muziki ambao chombo cha Schnitger hakiuwezi hupigwa hapo. Kwaya ingeweza kuimba F yake kwa ogani hiyo bila shida. Nadhani wenyeji walitaka wageni wao waisikie ile ya zamani.

Mpiga Kinanda Mstaafu amejibu:

Marahaba, mwanangu. Habari ya Viola da Gamba sikuwa nayo, na imenibadilisha mawazo kwa sehemu. Bado nasema kwamba chombo chenye mwili wa mwaka 1993 kitajwe hivyo wazi kwa wageni, kama wenyeji wa ndugu yetu walivyofanya, na kisiitwe cha mwaka 1693 bila maelezo.

Sauti ya Nne amejibu:

Nawashukuru sana, wazee na walimu wangu. Nimemsomea kiongozi wetu wa kwaya maelezo ya Mwalimu juu ya fa, naye ametujaribu palepale mazoezini: akatuimbisha mkordi wa fa bila kinanda, kisha akaupiga kwenye kinanda chetu cha umeme. Tulishuka kidogo kwenye la, noti ya katikati ya mkordi ule, kama Mwalimu alivyosema kuhusu mi, na wote tuliisikia tofauti, hata vijana wa sauti ya tatu ambao kwa kawaida hawasikilizi.

Wenyeji wametuandikia wakitukaribisha tena, na tumekubaliana kuandaa wimbo wa pili kwa ajili ya ogani ileile. Kiongozi alipendekeza do iwe G, ili mpigaji apige F ambayo nayo imo katika zile zenye tatu safi, lakini sauti ya kwanza wamelalamika kwamba kiitikio kitawapeleka juu mno. Kwa hiyo tumeandika nota upya, do ni E, na juu ya karatasi ya mpigaji tumeandika D.